Mgeni kasema maktaba yetu ni "quixotic". Wakuu, tumesifiwa au tumetukanwa?

Mtoto wa Isyonje (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa Kiingereza, na naomba msicheke kabla hamjafika mwisho. Mkifika mwisho chekeni tu, nimeshazoea.

Sisi ni watu saba hapa Uyole, Mbeya. Wanne walimu wastaafu, wawili bado wako kazini, na mimi ambaye si mwalimu ila nina pikipiki. Mwaka wa tatu huu tunapandisha vitabu vya hadithi za Kiswahili kwenye shule za msingi za huko juu Uporoto, njia ya Isyonje kwenda Kikondo. Jumamosi hii shule hii, Jumamosi ijayo shule nyingine. Watoto wanaazima, baada ya wiki tatu tunapita kukusanya na kuacha vingine. Wanaoijua ile njia wakati wa masika hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua: utelezi, ukungu, lori la viazi limekwama mbele yako, na ukigeuka nyuma unakuta jingine nalo limekwama.

Mwaka jana tulipata mgeni, Mwingereza mmoja mtu mzima, mpole. Tukapanda naye, akanywa chai ya shuleni, akakaa chini na watoto wakamsomea. Alipofika kwao akatuandikia barua pepe ndefu ya shukrani. Humo ndani anasema hajawahi kuona maktaba "quixotic" kama yetu.

Kati yetu saba hakuna aliyelijua hilo neno. Nikalisoma kwa sauti: kwiki-zotiki. Mmoja akasema "kwiki" si ndiyo haraka? Mwingine akadai mwishoni amesikia lile neno lao la kitu cha kigeni kinachovutia, egzotiki. Tukajumlisha: maktaba ya haraka na yenye mvuto. Na kweli pikipiki yangu inakimbia, hilo sikatai. Tukafurahi sana.

Sasa mwezi uliopita tukafanya hafla ndogo kwenye shule mojawapo. Tukachapisha bango la mita tatu, herufi nyekundu: MAKTABA YETU NI QUIXOTIC. Likatundikwa mbele ya wazazi, watoto na afisa elimu wa kata. Watu wakapiga picha. Baadaye mwalimu kijana wa sekondari akanivuta pembeni, akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, hili bango lilipitishwa na nani?" Nikamjibu, kamati. Akasema, "Na kamati inajua kwamba hapo mmeandika maktaba yenu ni mpango usiotekelezeka?"

Wakuu, wali wa siku ile sikuula.

Je, ni kweli maana ni hiyo? Yule mgeni alikuwa anatucheka huku anatushukuru? Na kwa Kiswahili angesemaje?

Mla Kande

Nimecheka peke yangu ndani ya daladala ya Mwanjelwa, kondakta kaniuliza kama nimelipa. Naweka kambi hapa.

Ngosha wa Kabwe

Picha ya bango iko wapi? Bila picha hii ni hadithi ya sungura.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Ugonile, Mtoto wa Isyonje. Pole kwa bango. Huyo kijana hakukosea, ila amekupa nusu ya maana, tena ile nusu inayouma. Kaa vizuri nikupe nusu nyingine.

Neno hili limetokana na jina la mtu, na mtu mwenyewe hakuwahi kuishi. Ni Don Quixote, mhusika wa kitabu cha Mhispania Miguel de Cervantes. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1605, ya pili 1615. "Don" ni kama kusema Bwana. Huyu bwana ana karibu miaka 50, anaishi kijijini huko La Mancha, hana dhiki kubwa wala utajiri. Ugonjwa wake ni vitabu. Anasoma visa vya mashujaa wa zamani, wale wapanda farasi walioapa kutetea wajane na yatima, anasoma usiku na mchana, anauza mashamba ili anunue vingine, mpaka akili inapinda. Siku moja anaamua na yeye ni shujaa. Anatoa deraya ya mababu iliyoota kutu, anampandisha cheo farasi wake aliyekonda na kumwita Rocinante, anamteua msichana wa kijiji cha jirani, ambaye hana habari, kuwa malkia wa moyo wake. Halafu anatoka kwenda kuokoa dunia. Dunia yenyewe haijamwita.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha vinu vya upepo, yaani mashine za kusaga nafaka zenye mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo. Vilikuwa 30 au 40 uwandani. Yeye akaona majitu. Jirani yake mkulima, Sancho Panza, ambaye anamfuata juu ya punda kwa sababu ameahidiwa kisiwa cha kutawala, akamwambia: bwana, vile ni vinu. Hakusikia. Akakaza mkuki, akamchapa farasi mbio, panga likavunja mkuki na kumtupa yeye na farasi wake. Alipookotwa alisema mchawi ameyageuza majitu kuwa vinu ili kumnyima sifa.

Sasa angalia neno. Mwingereza akisema mpango ni "quixotic", anasema mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza, nia yako ni njema, pengine njema kuliko ya wengi. Pili, dunia haiko hivyo unavyoiona, na huenda ukaokotwa chini. Ukiondoa la kwanza neno linakufa. Viatu vya kisigino kirefu kwenye tope la Isyonje, Mwingereza ataviita "impractical". Hawezi kuviita "quixotic", maana viatu havina nia. Mwizi aliyepanga kuiba ng'ombe na kumbeba kwenye bajaji naye mpango wake hautekelezeki, lakini neno hili hapewi, kwa sababu hapiganii haki ya mtu. Ila mtu anayesimama kwenye foleni ya malori Tunduma anahutubia madereva mmoja mmoja juu ya ustaarabu wa barabarani, akiamini ikifika jioni wote watakuwa wameokoka, huyo ndiye.

Kwa hiyo mgeni wenu hakuwatukana. Alitabasamu, kisha akatikisa kichwa.

Mtoto wa Isyonje

Ndaga fijo, Mwalimu. Nimepumua kidogo. Na kutamka? Maana nimeshalitamka "kwiki-zotiki" mbele ya afisa elimu.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Kwik-SO-tik, mkazo katikati. Ajabu yake ni kwamba jina la mwenyewe siku hizi Waingereza wanalitamka karibu na Kihispania, "kihote", lakini kivumishi kimebaki na "kwik". Na hapa kuna kisa kidogo.

Zama za Cervantes ile x ya Kihispania ilisikika "sh", ndiyo maana Wafaransa wakaandika Quichotte na hadi leo wanatamka sh. Baadaye sauti ile kwa Wahispania ikarudi kooni, ikawa kama kh yetu ya "kheri" kwa wanaoikaza, na wenyewe sasa wanaandika Quijote. Waingereza walikipata kitabu mapema, tafsiri ya Thomas Shelton ilitoka mwaka 1612, Cervantes mwenyewe angali hai. Wakaisoma x kwa macho yao, "kwiksot". Kivumishi kikatungwa karne ya 18 juu ya matamshi hayo. Kwa hiyo ulivyolitamka hukuwa mbali sana. Walianza wenyewe.

Huandikwa kwa q ndogo kama si mwanzo wa sentensi. Kielezi ni "quixotically", na ile tabia yenyewe "quixotism". Haya mawili utayaona kwenye maandishi kuliko kuyasikia mdomoni.

Dereva wa Tunduma

Mwalimu heshima yako, ila tusizunguke mbuyu. Kiswahili kina neno tangu zamani: ndoto za Alinacha. Funga uzi.

Mama Parachichi Njombe

Dereva usifunge, kwanza paki pembeni nikueleze.

Hadithi ya Alinacha nimesimuliwa na bibi. Alirithi vijisenti, akanunua kapu la vyombo vya kioo, akakaa nalo sokoni. Akaanza kuwaza: nitauza hivi, nitanunua vingi zaidi, nitatajirika, nitamuoa binti wa waziri, na binti akija kunibembeleza nitamjibu kwa teke. Akarusha teke kweli. Kapu likaenda, vioo vyote chali.

Tafuta tofauti. Alinacha anaota kwa ajili ya tumbo lake, cheo chake na mke atakayemnyanyasa. Yule Mhispania anaota kwa ajili ya wajane wa watu asiowajua. Halafu Alinacha hajanyanyua makalio pale sokoni! Mwenzake kapanda farasi, kapigwa, kang'olewa meno kwa mawe ya wachunga kondoo, na kesho yake katoka tena. Mtu wa ndoto za Alinacha ni yule shemeji yako anayekuambia kila Krismasi kuwa mwakani ananunua basi. Huyu mwenye pikipiki ya vitabu kila Jumamosi yuko kwenye tope. Usiwaweke chungu kimoja.

Dereva wa Tunduma

Shemeji wa basi umemjuaje dada?? Haya, nimepaki.

Ngosha wa Kabwe

Na "kutwanga maji kwenye kinu" je? Kinu kipo, na kule kulikuwa na vinu.

Mama Parachichi Njombe

Hiyo ni kazi bure. Mtu anaweza kutwanga maji huku anajua ni maji, kwa sababu bosi kamwambia atwange. Don Kihote haoni maji, anaona mahindi. Tena mahindi ya yatima.

Kumpigia mbuzi gitaa ndiyo kabisa, pale tatizo ni la mbuzi.

Mla Kande

Kwenye Mhubiri kuna "ubatili na kujilisha upepo". Huyu mzee alijilisha upepo mpaka upepo ukamtapika.

Mwananchi Huru

Kiingereza chenyewe si chetu, mnahangaika nini? Tafsirini "mpumbavu" mlale.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Mwananchi, mpumbavu hauzi shamba anunue kitabu.

Dereva wa Tunduma

Nimerudi. Tusaidiane hapa. Kama "quixotic" ni mtu mwenye nia njema anayekwenda kupambana na kitu kilichomzidi na kushindwa, basi kwa wazungu hata Mkwawa alikuwa hivyo? Mikuki mbele ya bunduki?

Kamwene wa Kalenga

Nilikuwa napita kimya kimya. Sasa umenisimamisha.

Kamweneni wote. Dereva, soma taratibu. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Mjerumani Emil von Zelewski alikuja na bunduki za rashasha, mizinga, na safari ndefu ya wapagazi. Wahehe walimngoja wamejificha vichakani, wakavamia ghafla msafara ukiwa umejipanga mstari mmoja mrefu, na Zelewski akafia palepale. Hilo si shambulio la kichaa aliyeona majitu. Ni shambulio la mtu aliyejua adui ana silaha gani na akachagua mahali ambapo silaha hizo hazitasaidia. Vinu vya upepo ndivyo vilivyookotwa chini siku ile.

Mkwawa aliporudi nyuma alijua Wajerumani watakuja tena. Ngome ya Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe. Oktoba 1894 wakaja na mizinga, wakaivunja. Je, alisema mchawi kageuza mizinga? Hapana, aliingia msituni akapigana vita vya kuvizia karibu miaka minne, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi ili asishikwe. Fuvu lake lilikaa ugenini hadi mwaka 1954, sasa liko hapa kwetu, njoo ulione.

Kushindwa si sifa ya neno hili. Neno linahitaji mtu asiyeona. Mkwawa aliona kuliko wote.

Tena huku mkoa wa Iringa mitambo ya upepo ipo, ya umeme, kule Mufindi. Hatujasikia Mhehe kaivamia kwa mkuki.

Dereva wa Tunduma

Nimeelewa mkuu, nilikuwa nauliza tu. Yaishe.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Kamwene amesema kitu ambacho nilishindwa kuwafundisha vijana miaka mingi. Nilikuwa naanza na kushindwa, ilhali ilipaswa nianze na macho.

Niongeze mfano unaopita karibu na nyumba zetu: reli ya TAZARA. Miaka ya 60 Zambia na Tanzania ziliomba fedha za kuijenga, Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zikasema haina faida kiuchumi. China ikakubali kukopesha bila riba. Ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Aliyewahi kupanda treni kati ya Mlimba na Makambako anajua ile milima, mahandaki na madaraja yake. Ukiitazama mwaka 1967 ungeweza kuiita "quixotic": nia njema ya kumtoa jirani asiye na bahari kwenye mikono ya Rhodesia na Afrika Kusini, na mlima usiopitika mbele. Mwaka 1976 neno hilo haliwezi tena kukaa. Treni imepita. Waweza kuilalamikia reli kwa mengine, na sababu zipo, lakini si kwa hilo.

Kwa hiyo ukisikia mtu analitumia, angalia na yeye amesimama wapi. Mara nyingi ni neno la mtu aliye pembeni ya barabara. Aliye juu ya farasi hajiiti hivyo.

Na msichanganye na miradi mibovu tu. Mradi wa karanga wa Waingereza, Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kufa 1951 baada ya kula pauni zaidi ya milioni 30, ulikosa udongo, mvua na mashine zinazofaa. Wapo wanaoutaja kwa neno hili. Mimi kwenye madaftari ya wanafunzi ningekata. Kilichotafutwa pale ni mafuta ya kula ya Uingereza baada ya vita. Hilo ni "ill-conceived", mpango uliopangwa vibaya, basi.

Binti wa Mafinga

Samahanini wakubwa, naomba kuuliza. Niko natafuta kazi. Naweza kujieleza kwenye barua ya maombi kuwa mimi ni "quixotic", kwa ile maana ya nia njema?

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Hapana mwanangu, tafadhali. Mwajiri atasoma kwamba una moyo safi na utaharibu mashine. Ukitaka kusema unaamini katika malengo makubwa, "idealistic" inavumilika, ingawa nayo wengine wataikunjia uso. Mtu akijiita "quixotic" mwenyewe anakuwa anajitania, na utani kwenye barua ya kazi hausikiki.

Lipo pia "utopian", linatoka kwenye kitabu cha Thomas More cha mwaka 1516. Kwa Kigiriki jina lile ni kama kusema "pasipo mahali". Hilo hutumika kwa jamii kamili ya kufikirika, nchi isiyo na njaa wala askari. Mtu wa "utopian" anachora ramani. Wa "quixotic" ametoka nje bila ramani. Na kitu kisichowezekana kufanyika hata kwa nia mbaya ni "impracticable" au "unfeasible", hapo hakuna moyo ndani yake, ni hesabu tu.

Binti wa Mafinga

Asante Mwalimu, umeniokoa. Nilikuwa nimeshaandika.

Mtoto wa Isyonje

Naombeni niulize la mwisho, kabla sijaitisha kikao cha kamati. Sasa sisi tuko upande gani? Tunaona au hatuoni? Maana huyu kijana wa sekondari bado ananiangalia kwa huruma kila nikipita.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Nitakujibu kwa swali. Lakini kwanza kisa cha kofia, ambacho kwangu kinafundisha kuliko vinu.

Kabla hajatoka nyumbani, Don Quixote aligundua kofia yake ya vita haina kinga ya uso. Akatengeneza kinga kwa karatasi ngumu, sawa na boksi la maziwa ya unga. Wiki nzima. Ili aone kama ni imara, akachomoa upanga akaipiga. Pigo la kwanza tu, kazi ya wiki imekwisha. Akaitengeneza upya, safari hii akaweka vyuma ndani. Halafu, sikiliza hapa, hakutaka kuijaribu tena. Akaitangaza kuwa kofia bora na akaondoka nayo.

Mara ya kwanza alikuwa fundi. Mara ya pili ndipo alipokuwa "quixotic".

Sasa swali langu: vitabu mnabebea kwenye nini?

Mtoto wa Isyonje

Mwalimu, umekuwa mganga sasa.

Mwanzo tulibebea kwenye boksi la biskuti tulilolifunga kwa kamba za mpira. Mvua ya Isyonje ya mwezi wa tatu ikatukuta katikati, vitabu vikavimba kama mandazi. Tulivianika jikoni kwa mzee mmoja siku mbili, na bado vinanuka moshi mpaka leo. Baada ya hapo tukaenda kwa fundi wa mabati Mwanjelwa akatutengenezea sanduku. Kabla ya safari tukaliweka uani, tukajaza magazeti ya zamani, tukalimwagia ndoo ya maji. Yakaingia kwenye bawaba. Tukaziba kwa mpira wa tyubu, tukamwaga tena. Yakaingia kidogo. Mara ya tatu magazeti yakatoka makavu.

Mama Parachichi Njombe

Basi hapo Sancho yumo kwenye kamati yenu. Ndoo ya pili ni ya Sancho, ya tatu ndiyo kabisa.

Kamwene wa Kalenga

Mwandikieni mgeni kwamba kakosea kivumishi.

Mtoto wa Isyonje

Ngoja Kamwene, usinipandishe juu. Nisiwe mwongo mbele yenu. Kwenye katiba ya kikundi tuliandika kwamba ifikapo mwisho wa mwaka wa tano kila mtoto wa shule ya msingi katika Uporoto yote atakuwa na kitabu mkononi kila wiki. Pikipiki ni moja. Sanduku linabeba vitabu 60 kama ni vyembamba. Jana baada ya kusoma uzi huu nilikaa na daftari, nikapiga hesabu ya petroli na Jumamosi zilizopo kwenye mwaka. Sitawaambia jibu.

Na hakuna mmoja wetu aliyewahi kupiga hiyo hesabu. Miaka mitatu. Walimu wanne wa hesabu na sayansi, jamani.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Ehe. Basi mgeni aliona vyote viwili, sanduku na katiba. Ni msomaji mzuri huyo.

Ngosha wa Kabwe

Kwa hiyo sanduku si quixotic, katiba ni quixotic. Mimi nimeelewa kwa mara ya kwanza.

Mla Kande

Na Kiswahili chake sasa? Tumekataa Alinacha, tumekataa kinu, tumekataa mbuzi. Mimi napendekeza "kidonkihote". Mpango wa kidonkihote. Mbona tunasema ujanja wa kiabunuwasi na hakuna aliyelalamika?

Mama Parachichi Njombe

Sawa kwa aliyekisoma kisa. Mwingine atadhani ni aina ya mchele.

Mimi ningeutafsiri ule mstari wa mgeni hivi: "sijawahi kuona maktaba yenye moyo kuishinda miguu kama yenu." Si neno kwa neno, ila mtu wa Njombe anaelewa kuwa kasifiwa na kaonywa.

Mwalimu Mstaafu wa Tukuyu

Moyo kuishinda miguu. Naomba niliibe hilo, mama.

Mama Parachichi Njombe

Liibe. Parachichi ndizo hutaiba, zina mlinzi.

Dereva wa Tunduma

Mtoto wa Isyonje, mimi napandisha gari tupu kufuata viazi Kikondo mara mbili kwa wiki wakati wa msimu. Sanduku moja halinizidishii mafuta. Nitumie ujumbe pembeni.

Mtoto wa Isyonje

Dereva! Nakutumia sasa hivi. Hesabu ya daftari imeanza kubadilika.

Ngosha wa Kabwe

Picha ya bango bado sijaiona.

Mtoto wa Isyonje (wiki mbili baadaye)

Wakuu, mrejesho. Kamati ilikaa. Katiba tumeirekebisha, sasa inasema shule sita, na zile mbili za mwisho zinapelekewa na Dereva. Mzee mmoja alikataa kusaini, anasema tumepunguza ndoto. Tumemwacha na nakala ya zamani, ameibandika ukutani kwake.

Nilimwandikia mgeni nikamweleza habari ya bango. Amejibu kwamba alicheka mpaka mkewe akaja kuangalia kulikoni, na anaomba picha kama Ngosha.

Picha haitapatikana, kwa sababu bango lenyewe ni turubai zuri na fundi wa Mwanjelwa amelikata, akashonea kifuniko cha sanduku dhidi ya mvua. Upande wa kushoto inasomeka QUIXO, upande wa kulia TIC. Watoto wa kule juu wanaiona inakuja na upande mmoja tu, na pikipiki yangu sasa hivi haina jina jingine. Jumamosi iliyopita nilisikia mmoja yuko juu ya mti anawapigia wenzake kelele: "Kwikso inakuja! Kwikso inakuja!"